Shemsa Alipofunga Mlango

Uligeuza uso. Usijitie hamnazo, nakusema wewe, wewe wa Kati, sakafu ya katikati ya mji, uliyekuwa umekaa kwenye benchi la ukumbi na bakuli la bisi mapajani. Kwenye mchezo wa kiooni, Rubani Kombo alipowauzia wakimbizi maji, Kombo yule yule aliyeapa mbele ya maiti ya mama yake kwamba maji hayauzwi, ulimgeukia jirani yako ukasema, "Aa, mtu hubadilika bwana." Mwezi uliofuata Shirika linalotawala likafunga mita kwenye kila bomba la mji wa Jiwe, nawe ukasimama mbele ya mita yako umeduwaa kama mtu ambaye hakuonyeshwa kitu. Mwalimu Barke alipomzaba kofi mwanafunzi wake, Barke ambaye misimu yote ile hakuwahi hata kupandisha sauti, ulisema kachoka maskini. Viboko viliporudi shuleni na mwanao akaja na mgongo umevimba, ulimuuliza yeye amekosa nini.

Hukukumbuka. Kukumbuka kunachosha, na bisi zilikuwa za moto.

Sasa sikiliza habari za shujaa wa tatu, na za mtu aliyemharibu. Safari hii nakushika kidevu utazame.

*

Mtu huyo aliitwa Ngwali Makame, fundi wa nafsi katika Studio, kule Juu ambako taa hazififii. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama ofisini kwa Mkuu Theonest, mikono nyuma, akitazama kioo cha ukutani. Kwenye kioo alikuwamo Nahodha Shemsa wa merikebu ya angani iitwayo Tandabui. Moshi umemjaa nyuma, abiria wanalia mbele yake. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya kizingiti cha mlango wa chuma, na uso wake umegeukia kule alikotoka.

"Nyuma kuna mtu?" Shemsa alipaza sauti.

"Tupo!" walijibu watu ndani ya moshi.

Shemsa aliliachia gurudumu la mlango, akajifunga kitambaa puani, akaingia kwenye moshi kuwafuata.

Mkuu Theonest alibonyeza kitu mezani, kioo kikaganda. Alikuwa anamenya chungwa, tunda ambalo watoto wa Shimoni hulijua kwa picha.

"Kaharibu tena," alisema. "Tumemwekea moto, kakataa kufunga. Tumemwekea mafuriko, kakataa. Jana tukafanya hao wa nyuma kuwa wezi, wauaji kabisa, watu waliomchoma visu rafiki zake. Unajua alifanya nini?"

"Aliwafuata, Mkuu."

"Akawafuata! Akafa nao huko huko, ikabidi turudishe tukio lote mwanzo. Mwanamke mbishi huyu."

"Si ubishi. Ndivyo alivyo."

"Alivyo, alivyo." Theonest alitema mbegu ya chungwa kiganjani. "Ngwali, mhusika hukua. Hukomaa. Watazamaji nao wamekua, wamechoka na shujaa wa kitoto anayeokoa kila mtu. Wanataka uchungu. Wanataka kuona uamuzi mgumu."

"Wamesema lini?"

"Watasema. Wakishaonyeshwa."

Hapo Ngwali alielewa, ingawa alijifanya hajaelewa, maana alikuwa na kipaji cha kujifanya. Shimoni kulikuwa na ufa. Kila mtu wa Juu aliujua. Hewa ilikuwa ikivuja polepole kutoka sakafu ya chini kabisa ya mji, na vifaa vya kuuziba Shirika lilikuwa limekataa kuvileta. Njia rahisi ilikuwa kuufunga mlango mkubwa kati ya Kati na Shimoni, na watu wa Shimoni wakiwa humo humo.

Lakini mlango ule ulikuwa na ukaidi wake. Waasisi waliochimba Jiwe, mwamba huu unaolizunguka jua, hawakuuamini mtambo ujifungao wenyewe. Walikuwa wamekwisha kuzika watu kwa sababu ya mtambo wa namna hiyo. Wakaweka gurudumu la kusukumwa kwa mikono, watu wawili wa Kati, kwa zamu, kama zamu ya kufagia korido. Shirika linaweza kuamuru mlango ufungwe. Kusukuma haliwezi.

Na watu wa Kati wasingesukuma. Walikuwa wamelelewa na Shemsa. Tangu msimu wa kwanza wa *Msafara wa Tandabui*, tangu bibi zao walipoanza kuutazama, hakuna mtu wa Jiwe aliyepita mlangoni hivi hivi. Unakanyaga kizingiti, unageuka, unauliza: nyuma kuna mtu? Akiwapo, anajibu "nipo," nawe unangoja. Bibi harusi huuliza akiingia kwa mumewe, na ukoo wake mzima hujibu kwa vigelegele. Mtoto wa miaka mitatu huuliza akitoka msalani, hata kama nyuma yake imebaki ndoo tu. Desturi nzima ya mji ilikuwa imening'inia kwenye unyayo wa mwanamke wa kubuni.

"Ndiyo maana unataka afunge," alisema Ngwali.

"Nataka *akomae*." Theonest alijifuta vidole kimoja kimoja. "Una dada huko chini. Kibibi, sivyo? Anafuga kambale."

Theonest alisogeza maganda kando ya meza.

"Kuna chumba Kati, kina dirisha. Kwa jina lake."

"Na wengine?"

"Wengine wana ndugu zao mafundi wa nafsi?"

"Nikikataa?"

"Nitatengeneza kikaragosi kisicho na nafsi, chenye sura ya Shemsa, kifunge. Kombo wa maji alikuwa kikaragosi, ulijua? Watu walilalamika wiki nzima, wakazoea. Lakini Shemsa nampenda, nakuambia kweli. Nataka afunge mwenyewe, kwa moyo wake. Kikaragosi watakitii. Yeye watamwiga."

Ngwali alitoka pale akiwa na kipande cha chungwa mkononi. Theonest alikuwa amempa, naye alikuwa amepokea, na kusema ahsante.

*

Nafsi haiandikiwi maneno ya kusema. Ingekuwa hivyo, kila mwenye kalamu angejiita fundi. Nafsi hupandwa. Hupewa jambo moja dogo la kuuma, la mwanzo kabisa, wenyewe wanaliita mzizi, kisha huachwa ikue ndani ya matukio msimu baada ya msimu, ikichagua yenyewe na kukumbuka ilichochagua. Mtunzi hupanga moto. Nafsi huamua kama itaingia motoni. Kwa hiyo ukitaka nafsi ya miaka mingi ifanye kinyume chake, usipoteze muda kuishawishi. Unauchimba mzizi, unaukata, matawi yanabaki yamesimama kama kawaida, na kwa kitambo majani huwa mabichi vile vile.

Mzizi wa Shemsa ulikuwa mlio. Alikuwa mtoto, watu wazima walifunga mlango kwa haraka, na mdogo wake wa kiume akabaki upande wa pili akigonga kwa kiganja. Aligonga mpaka akaacha. Basi. Kila alichokuwa Shemsa kilikuwa kimeota juu ya kiganja kile.

Ngwali alimkuta kwenye chumba cha mapumziko, mahali ambapo nafsi hukaa kati ya tukio na tukio. Ngwali humwona kwenye kioo kidogo cha mezani. Yeye humwona Ngwali kama mtu aliyekaa kiti cha mbele yake.

"Fundi," alisema Shemsa, "leo umekuja na uso wa matanga. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Bado, unamaanisha."

Ngwali alicheka kidogo, kicheko cha kikohozi. "Nahodha, hebu niambie. Walio mbele ni wengi, walio nyuma ni wachache, na hewa haiwatoshi wote. Unafunga?"

"Umeniuliza hilo kwa moto, kwa maji na kwa wezi. Sasa unaniuliza kwa hesabu." Shemsa aliinama mbele. "Tatizo la hesabu yenu ni kwamba kila mara anayeihesabu yuko upande wa hewa. Mtafute aliye nyuma ya mlango akuhesabie, halafu uniletee jibu."

"Wewe ni wa kubuni, Nahodha. Ni rahisi kwako."

"Najua mimi ni wa kubuni. Ndiyo maana sina kisingizio. Sina njaa, sina mtoto wa kulisha, sina bosi wa kunifukuza. Mtu asiye na kisingizio hata kimoja akifunga, nyinyi wenye visingizio mtafanya nini?" Alimtazama vizuri. "Wewe nyuma yako kuna mtu?"

"Dada yangu."

"Basi unajua."

Alijua. Alimtakia mapumziko mema, akamzimia taa, akaukata mzizi. Hakumwambia. Haikuchukua muda; kazi ya hivi haichukui muda, ndiyo maana inapendwa. Alikwenda kunawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu, na akiwa anaitikisa maji yadondoke alijiambia kwamba kikaragosi kingefunga hata hivyo, na kwamba dada ni dada. Nakupa maneno yake kama yalivyo kwa sababu ndiyo hayo hayo yako.

*

Shimoni hewa ilikuwa na ladha ya msumari. Kibibi Makame alikuwa amepinda mapipani, mikono imezama hadi viwiko, anatenganisha kambale wakubwa na wadogo. Hakuinuka mdogo wake alipoingia.

"Nyuma kuna mtu?" aliuliza bila kugeuka.

"Niko peke yangu, dada."

"Basi funga, unaniingizia baridi. Umekonda. Huko Juu wanakulisha taa?"

Ngwali alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza habari za chumba cha Kati. Alitaja dirisha mara mbili.

Kibibi alinyoosha mgongo taratibu. "Ngwali, mdogo wangu, tangu lini Shirika likagawa chumba kama linagawa salamu?"

"Wanahamisha watu kidogo kidogo. Wewe umeanza tu. Wengine watafuata."

Uongo ulitoka laini kama kambale anavyotoka mkononi. Kibibi alimtazama kwa muda, kisha uso wake ukafunguka, kwa kuwa alimlea mwenyewe na hakuwa amemfundisha kusema uongo.

"Watafuata wote? Hata kina Mama Sikudhani na miguu yake ile?"

"Wote."

"Haya. Nitakuja siku ya kipindi cha mwisho. Nikabidhi samaki kwanza, siwezi kuwatelekeza viumbe wa watu." Alirudi pipani, akacheka peke yake. "Nasikia wanamweka Shemsa mlangoni tena. Hivi hao watunzi wenu hawachoki? Yule hawezi. Mimi namjua yule kuliko ninavyokujua wewe."

"Watu hubadilika, dada."

"Watu, ndiyo," alisema Kibibi, akimrusha kambale upande wa pili. "Watu ni takataka. Namsemea Shemsa."

*

Siku ya kipindi cha mwisho ukumbi wa Kati ulifurika. Ulikuwapo, usikatae. Ulikuja mapema kushika nafasi, ukagombana na mtu juu ya mto wa kukalia. Vioo viliwashwa kwenye kila korido, mpaka kile kilichopo juu ya mlango wa Shimoni, ili hata walioshika zamu wasikose.

Ngwali alikuwa Studio mbele ya kioo chake kidogo, Theonest nyuma ya kiti chake, marashi yake yakimfikia kabla ya maneno.

Tandabui iliwaka. Watu walikimbia. Shemsa alifika mlangoni, akakanyaga kizingiti, akageuza uso. Mwili ulikuwa unajua njia.

"Nyuma kuna mtu?"

"Tupo! Nahodha, tupo!"

Akasikiliza. Ngwali aliona kitu usoni mwake, kama mtu anayesubiri chafya ambayo haiji. Shemsa alishusha mguu kutoka kizingitini. Akashika gurudumu kwa mikono miwili.

"Waliosalia watanielewa," alisema, kwa sauti nzuri sana. Akasukuma mpaka mwisho.

Ukumbini mwanamke mmoja alisema "Hapana" na watu wakamnyamazisha kwa "Shhh!" Kisha ukalia. Ulilia machozi ya kweli, ukajipangusa kwa upindo wa nguo, ukasema kumbe ndiyo ukubwa huo, kumbe uongozi una uchungu. Halafu mtu wa mbele akaanza kupiga makofi, nawe ukapiga. Umri wako wote ulikuwa umeuliza nyuma kuna mtu, na ilitosha mwanamke mmoja wa kubuni kuacha kuuliza.

"Sikia hayo," alinong'ona Theonest, akiyasikiliza makofi kupitia spika. Alimpiga Ngwali begani, akaenda chumba cha pili kupokea pongezi. Kabla ya sehemu ya mwisho, ile ambayo Shemsa angehutubia msibani, kulipangwa mapumziko ya matangazo, na tangazo la kwanza lilikuwa la Shirika. Sauti tamu ilisema kwamba kwa usalama wa wengi mlango wa Shimoni utafungwa sasa hivi, walio zamu wachukue nafasi zao. Wachache waliobaki huko, iliongeza sauti, wanaelewa.

Ngwali alikuwa ameambiwa utafungwa kesho. Kibibi alikuwa bado na samaki.

"Fundi." Shemsa alikuwa amekaa kwenye chumba cha mapumziko, masizi usoni. "Nimefunga mlango."

"Nimeona, Nahodha."

"Nilisubiri kitu kiume. Hakikuuma. Umewahi kung'oa jino? Ulimi unakwenda penyewe pale palipokuwa na kitu, unakuta ufizi laini. Nimekaa hapa napapasa. Umening'oa nini?"

Angeweza kumzimia taa. Alikuwa na kidole juu ya kitufe.

"Mlio," alisema.

"Wa nini?"

"Wa mtu aliyekuwa nyuma ya mlango. Mdogo wako."

Shemsa alikaa na neno hilo, akilitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Nilikuwa na mdogo?"

Hapo ndipo Ngwali alipovunjika, si kwa makofi wala kwa tangazo, bali kwa swali hilo lililoulizwa kwa adabu, kama mtu anavyouliza jina la mgeni.

"Nirudishie," alisema Shemsa.

"Nikikurudishia utajua ulichokifanya. Umeshawafungia. Itakuwa ndani yako siku zote, haitatoka."

"Kwani usiponirudishia sijawafungia?" Aliinuka. "Nimewafungia, fundi. Kinachobaki ni kama nitakuwa najua. Unaniuliza nichague kati ya kuwa mtu mbaya na kuwa mtu mbaya asiyesumbuliwa. Hao wa namna ya pili mnao wa kutosha huko kwenu. Nirudishie upesi, matangazo yanaisha."

Alimrudishia. Mzizi ukaingia mahali pake, na Ngwali akasikia kwenye spika yake kiganja cha mtoto kikigonga chuma. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikunja uso kama karatasi iliyotupiwa motoni. Hakulia. Alivuta pumzi, akaingia kwenye tukio.

Vioo vyote vya Jiwe viliwaka tena. Msiba ulikuwa umetandikwa, maua ya bandia, abiria wamepanga mstari wa kuhutubiwa. Shemsa aliwapita. Mtu mmoja alimshika mkono, yeye akauchomoa. Alifika kwenye mlango alioufunga, akaweka sikio kwenye chuma, akasikiliza, na Jiwe zima likasikiliza naye.

"Bado wapo," alisema. Aliwatazama abiria wake wote kwa zamu. "Nilikosea. Nani anakuja kushika na mimi?"

Akashika gurudumu kwa mikono miwili.

"Zima!" Theonest alikuwa mlangoni, koti upande. "Zima hicho kitu!" Alimpiga Ngwali kikumbo, akakibonyeza kitufe mwenyewe kwa ngumi, mara kadhaa, hata baada ya kioo kuwa cheusi.

Ngwali hakungoja kusikia amefukuzwa. Alikuwa ameshatoka mbio.

*

Kibibi Makame alikuwa amefika mlangoni na furushi lake kichwani na ndoo moja mkononi, maana kambale mmoja alikuwa ameshindwa kumwacha. Alikuta mlango mzito unajongea taratibu na watu wawili wa zamu wanasukuma gurudumu kwa mabega. Akadhani ni mazoezi. Aliingia kwenye uwazi, na kama alivyofanya kwenye kila mlango tangu anajifunza kutembea, alikanyaga kizingiti, akageuka, akauliza.

"Nyuma kuna mtu?"

Ilikuwa desturi tu. Alikuwa ameshawaaga. Hakutarajia jibu zaidi ya la Mama Sikudhani, ambaye hukaa mlangoni kwake kupunga upepo.

"Nipo!" alisema Mama Sikudhani.

"Nipo!" kikasema chumba cha pili. "Tupo!" Korido yote ya Shimoni ikaitikia, mlango kwa mlango, kwenda chini kabisa hadi kwenye ufa, watoto wakikokota neno kwa kulifurahia, kwa kuwa ilikuwa mchezo wao mzuri.

Huo ndio utaratibu. Ukijibiwa, unangoja. Na ubavuni mwake mlango uliendelea kuja.

Alipoelewa, hakupiga kelele. Alitua furushi lake kizingitini, akaweka ndoo mbele yake, akaketi. Mlango ulifika kwenye bega lake ukasita, kwa kuwa wale wawili walisita.

Ngwali aliwakuta hivyo. Dada yake amekaa kwenye uwazi wa upana wa mtu mmoja, kambale anajipindua ndani ya ndoo, na nyuma yake giza limejaa sauti na nyayo zinazokaribia. Wale wawili wa zamu walikuwa wameshikilia gurudumu, hawasukumi mbele wala nyuma. Hawakuwa wanamtazama Kibibi. Walikuwa wameinua nyuso kwenye kioo cheusi kilichopo juu ya mlango.

Walikuwa wanangoja kiwake. Mtu amekaa mbele ya magoti yao, anapumua, wanaweza kumgusa, nao wanangoja kioo kiwaambie Nahodha amefanya nini!

"Wewe si wa Studio?" aliuliza mmoja, mwanamume mnene aliyevaa fulana ya Tandabui yenyewe, uso wa Shemsa umenyooka kifuani pake. "Yule alikuwa anafungua au anaongeza kukaza?"

"Wewe umeonaje?"

"Nimeona mikono tu, kelele za gurudumu zilimeza maneno. Kikazima."

Ngwali alitaka kumwambia alifungua. Hakuwa ameona. Alichokiona ni mikono miwili juu ya chuma, sawa kabisa na mikono iliyokuwa mbele yake sasa hivi.

"Sijui," alisema. "Mlango ule ni wa kubuni. Huu ni wenu."

Alipanda kizingitini akakaa kando ya dada yake. Mlango ulimbana ubavu.

"Uliniambia watafuata," alisema Kibibi bila kumtazama.

"Nilikudanganya. Na Shemsa ni mimi niliyemkata mpaka akafunga."

"Nimekuona ulivyoingia na uso huo." Alisogeza ndoo ili apate pa kuweka miguu. "Tutasemezana baadaye. Kaa vizuri, umenikalia kanga."

Mwanamume wa fulana alishusha macho kutoka kwenye kioo. Aliitazama ndoo, akamtazama Kibibi. Kisha aliachia gurudumu, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akageuka akakimbia. Hakufungua, hakufunga, alijiondoa tu, apate kusema kesho kwamba yeye hakuwapo. Mwenzake alibaki peke yake na uzito wote, mishipa ya shingo imemsimama. Mtu mmoja hawezi kuuzungusha ule mlango kurudi. Anaweza kuuzuia kwa muda tu, na mikono yake imeanza kuteleza.

Nafasi ya pili ya gurudumu iko wazi. Nimekuambia tangu mwanzo, zamu ni za watu wa Kati.

Kwa hiyo usiniulize Shemsa aliishia vipi, kama ni yule yule wa msimu wa kwanza au amekuwa mwingine. Shemsa ameishia pale kioo kilipozimwa, mikono juu ya chuma, na hana kingine atakachofanya isipokuwa utakachokifanya wewe. Bisi weka chini. Futa hayo mafuta ya mikono. Usingoje kiwake, hakitawaka. Nyuma kuna watu, wamekwisha kukujibu, na unawasikia. Inuka, shuka korido, shika gurudumu, lizungushe kufungua. Sasa hivi. Nenda.